Shahada ya uchumi: kwa nini kozi za lazima huwaangusha wengi

Simu inatoka Dodoma au Dar es Salaam, mara nyingi jioni. "Shikamoo baba. Nimefaulu masomo mengine, ila nina sapu mbili, maikro na hesabu." Mzazi aliyeko Malambo, Digodigo au Ololosokwan anaitikia marahaba, kisha ananyamaza. Aliuza ng'ombe kumpeleka kijana akasomee uchumi. Sasa maikro ndiyo nini? Sapu ndiyo nini? Kijana anazembea, au somo lenyewe ndilo zito?

Makala haya yanaeleza masomo ambayo kila anayesomea shahada ya uchumi hapa Tanzania lazima ayapite, ndani yake mna nini, na kwa nini yanawaangusha hata waliokuwa wakiongoza darasani sekondari. Yanamhusu mzazi, na zaidi yanamhusu mwanafunzi wa kidato cha nne anayekaribia kuchagua tahasusi, maana sehemu kubwa ya tatizo huanzia hapo, miaka kadhaa kabla ya simu ile.

Kozi ya lazima ni ipi

Chuoni somo huitwa kozi. Zipo kozi za hiari, ambazo mwanafunzi huchagua mwenyewe kati ya kadhaa, na zipo za lazima. Ya lazima haikwepeki. Ukiifeli unaifanya tena, na usipoifaulu hupati shahada hata kama kozi nyingine zote una A.

Shahada ya uchumi huchukua miaka mitatu. Majina ya kozi hutofautiana kati ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dodoma, Mzumbe, Mtakatifu Augustino kule Mwanza na vingine, lakini nguzo ni zilezile tano. Kuna maikro, yaani uchumi wa mtu mmoja, kaya, duka au soko. Kuna makro, yaani uchumi wa nchi nzima, ambao wizara huuita uchumi jumla. Kuna hisabati ya wachumi. Kuna takwimu. Na mwishoni kuna ekonometriki, ambayo ni takwimu na uchumi vikiwa vimefungwa pamoja. Mwaka wa kwanza maikro na makro huja kwa wepesi, kama utangulizi. Mwaka wa pili hurudi tena, safari hii zikiwa zimejaa milinganyo, na hapo ndipo wengi huanza kuanguka.

Alama hupatikana kwa njia mbili. Vyuo vingi hutoa alama 40 kwa majaribio na kazi za muhula, na 60 kwa mtihani wa mwisho. Kila daraja lina pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Wastani wa pointi hizo ndiyo GPA utakayosikia ikitajwa. Anayefika 4.4 hupata daraja la kwanza. Anayeanguka chini ya C hurudia mtihani, na mtihani huo wa marudio ndiyo sapu. Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi: katika vyuo vingi, hata kijana akifanya sapu vizuri sana, matokeo yake huandikwa C tu. Sapu humwokoa asifukuzwe, lakini haimrudishii GPA. Akiifeli sapu nayo, kozi inaweza kubebwa hadi mwaka unaofuata, na wanafunzi huiita kerio. Akifeli nyingi au wastani ukishuka chini ya kiwango cha chuo, anaondolewa. Hiyo ndiyo disko, na haina uhusiano na muziki.

Maikro ni mnada wenye herufi

Hebu tuchukue maikro, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi kwenye simu zile.

Mtu yeyote aliyewahi kusimama mnadani na fimbo mkononi anaijua maikro. Anajua kwamba kiangazi kikikaza, kila mtu analeta ng'ombe, wanunuzi wanashusha bei, na wakati huohuo gunia la mahindi linapanda. Waliokuwepo katika ukame wa 2009 hawahitaji kufundishwa hilo na profesa. Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, kule Karatu, nao wanajua kwamba bei nzuri ya msimu huu huwafanya wote wapande, na msimu ujao shamba likijaa kila mahali bei inaanguka. Vitabu vya uchumi vina sura nzima kuhusu jambo hilo.

Kwa hiyo wazo si geni. Kigeni ni namna linavyoulizwa. Mtihani hausemi "eleza mnada". Unasema hivi: idadi ya ng'ombe wanaotakiwa na wanunuzi ni 100 kutoa mara mbili ya bei, na idadi inayoletwa na wauzaji ni 10 kujumlisha bei, bei ikihesabiwa kwa makumi elfu ya shilingi. Tafuta bei ya soko.

Tuifanye pamoja, ni mfano wa kubuni tu. Soko linatulia pale wanaotakiwa wanapolingana na wanaoletwa. Mia moja kutoa bei mbili ni sawa na kumi kujumlisha bei moja. Hamisha pande: tisini ni sawa na bei tatu. Bei ni 30, yaani shilingi 300,000, na ng'ombe wanaouzwa ni 40.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo hutenganisha wanafunzi. Halmashauri inaweka ushuru wa shilingi 30,000 kwa kila ng'ombe, na muuzaji ndiye anayelipa getini. Nani hasa anaubeba? Wengi watajibu haraka: muuzaji, si ndiye aliyelipa? Mwingine atasema ataupandisha kwenye bei, mnunuzi ataubeba wote. Hesabu inasema vingine. Muuzaji sasa anaangalia kinachobaki mkononi baada ya ushuru, hivyo idadi inayoletwa inakuwa 7 kujumlisha bei. Ukilinganisha tena unapata bei 31. Mnunuzi analipa 310,000, muuzaji akishatoa ushuru anabaki na 280,000, na ng'ombe wanaouzwa wamepungua hadi 38. Mnunuzi kaongeza 10,000 tu, muuzaji kapoteza 20,000. Theluthi mbili za ushuru zimemwangukia mfugaji.

Kwa nini? Katika mfano huu mnunuzi ni mwepesi kukimbia bei ikipanda, muuzaji si mwepesi. Anayehitaji fedha za ada au za dawa wiki hii hawezi kurudi na ng'ombe nyumbani. Wachumi wana neno la wepesi huo, elastisiti, na mwanafunzi hutakiwa kuikokotoa, kuichora na kuieleza kwa Kiingereza ndani ya dakika zisizozidi thelathini. Anayeweza algebra ya kidato cha pili anafika. Asiyeweza hafiki, hata kama kalelewa mnadani.

Wilaya yetu ina mfano mwingine ambao ungefaa kufundishwa vyuo vyote. Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kunywa kikombe. Bei ilikuwa shilingi 500, na haikupanda ingawa waliokuja walikuwa maelfu kwa maelfu. Kitabu kinasema mahitaji yakizidi, bei hupanda. Pale haikupanda, basi kitu gani kiliamua nani anywe leo na nani asubiri? Foleni. Watu walilipa kwa siku walizolala njiani, kwa nauli, kwa chakula na maji. Gharama halisi ya kikombe haikuwa 500 hata siku moja. Hilo ni swali la maikro la mwaka wa pili, na wazee wa Samunge wanaweza kulijibu vizuri kuliko wengi wetu.

Hesabu ndizo zenye meno

Tukiwa wakweli, kozi inayoangusha si uchumi, ni hisabati iliyovaa nguo za uchumi. Mwaka wa kwanza mwanafunzi anakutana na kalkulasi, yaani hesabu za kupima kitu kinabadilika kwa kasi gani kingine kikibadilika kidogo. Ukiongeza ng'ombe mmoja kwenye malisho yaleyale, maziwa ya boma zima yanaongezeka kwa lita ngapi? Kuna mahali ng'ombe wa nyongeza haongezi kitu, na baada ya hapo anapunguza. Kutafuta mahali hapo ndiko wanafunzi wanakoita kudifrenshieti.

Baadaye anakutana na jina la Lagrange, Mfaransa mzaliwa wa Turin, Italia, aliyeishi karne ya 18. Mbinu yake hujibu swali la mwenye kikomo: malisho ni haya, fedha ni hizi, je, niweke ng'ombe wangapi na mbuzi wangapi nipate faida kubwa kuliko zote? Katikati ya hesabu hutokea herufi ya Kigiriki, lamda, na mwanafunzi huinakili ubaoni bila kujua ni nini. Lamda inakwambia kitu kimoja tu: ungepewa eka moja zaidi ya malisho, ungefaidika kwa kiasi gani. Mfugaji anayetafakari kama akodi eneo la jirani anapima lamda bila kuitaja. Inasikitisha kwamba mwanafunzi anaweza kupata C ya kozi hiyo bila mtu kumwambia hivyo.

Hapa ndipo sekondari inapohusika. Katika matokeo ya mtihani wa kidato cha nne ya miaka ya karibuni, anayefaulu hisabati ni takribani mmoja kati ya wanne au watano nchi nzima. Hapa kwetu, ambako mwanafunzi anatembea mbali kufika shule na walimu wa hisabati ni wachache, usitarajie iwe bora zaidi. Anayefika chuoni na mashimo katika algebra hatayaziba wakati mhadhiri anasonga mbele katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi.

Makro: uchumi ambao hujawahi kuuona

Makro ina ugumu wa aina nyingine. Mnada unauona kwa macho. Pato la taifa, mfumuko wa bei, riba ya benki kuu, urari wa malipo ya nje, hivyo hakuna aliyewahi kuviona. Mwanafunzi anapewa mistari miwili iliyopewa herufi IS na LM, iliyochorwa na Mwingereza John Hicks mwaka 1937 alipokuwa akijaribu kueleza kitabu ambacho John Maynard Keynes alikitoa mwaka mmoja kabla. Mstari mmoja ni wa bidhaa, mwingine wa fedha. Ukisogeza mmoja, riba na pato la nchi vinahama. Mwanafunzi anatakiwa kusema vinahamia wapi, na kwa nini.

Mtoto aliyekulia katika boma ambalo akiba yake ni mifugo, na ambalo halijawahi kukopa benki, inambidi kwanza aamini kwamba riba inaweza kuendesha nchi. Lakini mambo haya si ya vitabuni tu. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilibadili namna ya kuongoza fedha: badala ya kulenga wingi wa fedha kwenye mzunguko, ikaanza kutangaza riba yake kila robo mwaka. Ilianza na asilimia 5.5, na Aprili mwaka huohuo ikapandisha hadi 6. Anayeielewa makro anaposikia tangazo hilo redioni anajua kinachotafutwa: mikopo ipunguzwe kasi kidogo, bei zisikimbie, shilingi isidhoofike. Asiyeielewa anasikia namba tu.

Upande mmoja wa makro watoto wa Loliondo wanaufahamu kabla hawajafika darasani. Anayeswaga mifugo hadi minada ya upande wa Kenya anajua kwamba bei ya ng'ombe ni jambo moja na thamani ya shilingi ya Kenya ni jambo jingine, na kwamba unaweza kushinda kwenye la kwanza ukapoteza kwenye la pili. Kozi ya uchumi wa kimataifa huanzia hapo hapo.

Takwimu na ekonometriki

Takwimu haiogopwi sana mwanzoni. Watu wanajua sensa. Ile ya Agosti 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu huajiri wachumi. Ugumu huja pale usipoweza kuhesabu wote na inabidi uulize wachache, halafu useme kitu kuhusu wote na useme pia una uhakika kiasi gani. Neno "uhakika kiasi gani" ndilo somo zima la uwezekano, na huko kuna kanuni za kutosha kumchanganya mtu aliyelala vizuri, sembuse aliyekesha.

Ekonometriki ndiyo kilele. Wawili walioitengeneza kwa kiasi kikubwa, Ragnar Frisch wa Norway na Jan Tinbergen wa Uholanzi, ndio waliopewa tuzo ya kwanza ya Nobeli ya uchumi, mwaka 1969. Swali lake ni moja, na ni swali zuri sana. Tuseme umezunguka vijiji vyote vya Loliondo ukagundua kwamba kaya zilizosomesha watoto zina ng'ombe wengi zaidi. Je, elimu imeleta ng'ombe? Au wenye ng'ombe ndio walioweza kulipia elimu? Au kuna kitu cha tatu, tuseme kuishi karibu na maji na barabara, kilicholeta vyote viwili? Namba peke yake haisemi. Mwanafunzi hujifunza njia za kutenganisha hayo, kwa kutumia kompyuta na programu za takwimu.

Na kompyuta ni shida yake. Mwanafunzi mwenye kompyuta mpakato hufanya mazoezi usiku chumbani. Asiye nayo anasubiri zamu maabara, au anaazima. Kama familia itanunua kifaa kimoja katika miaka yote mitatu, wakati wake ni kabla ya mwaka wa tatu kuanza.

Lugha ya nne

Mtoto wa Kimaasai wa Loliondo huanza maisha kwa Kimaa, na wa Kisonjo kwa Kitemi. Shule ya msingi anafundishwa kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza mlango unageuka, kila kitu ni Kiingereza. Chuoni kinaongezwa Kiingereza cha kiuchumi ambacho hata Mwingereza wa kawaida hakijui, halafu juu yake alama za hisabati. Ni lugha ya nne, kwa wengine ya tano.

Matokeo yake ni kwamba kijana anaweza kulielewa swali akiwa amechelewa dakika kumi. Katika mtihani wa saa tatu wenye maswali matano, dakika kumi kwa kila swali ni alama nyingi. Wahadhiri wengi hueleza kwa Kiswahili pembeni, kwenye semina au ofisini, lakini mtihani hautaki Kiswahili. Wanafunzi wanaosoma kwa makundi, diskasheni kama wanavyoziita, huwa wanafanya kazi mbili kwa pamoja bila kujua: wanatafsiri, na wanasoma. Kijana mkimya aliyezoea kusoma peke yake, na watoto wetu wengi wako hivyo, hukosa zote mbili.

Ngazi isiyo na vidaraja vya katikati

Kozi za historia au siasa zinaweza kusomwa moja moja. Ukikosa vita vya kwanza vya dunia bado utaelewa Azimio la Arusha. Uchumi hauko hivyo. Ekonometriki inahitaji takwimu, takwimu inahitaji hisabati, maikro ya mwaka wa pili inahitaji kalkulasi ya mwaka wa kwanza. Aliyepita kozi ya kwanza kwa kukariri karatasi za miaka iliyopita atalipa deni hilo kwa riba. Ndiyo maana mwanafunzi aliyefanya vizuri mwaka wa kwanza anaweza kuanguka wa pili, na mzazi anadhani amepotoka mjini. Inawezekana amepotoka, lakini mara nyingi ni kidaraja kilichorukwa.

Kwa nini wasizipunguze?

Swali hili halikuanzia kwetu. Mwaka 2000 wanafunzi wa uchumi mjini Paris waliandika barua ya wazi wakilalamika kwamba wanafundishwa hesabu za dunia ya kufikirika. Mwaka 2011 baadhi ya wanafunzi wa Harvard, Marekani, walitoka darasani katika kozi ya utangulizi. Baada ya mtikisiko wa fedha wa 2008, wanafunzi wa Manchester, Uingereza, waliunda chama cha kudai mtaala unaojali historia na maisha halisi. Walikuwa na hoja. Hakuna aliyesema hisabati ifutwe, walisema isimeze kila kitu.

Kwa upande wetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha miaka ya 1970 kilijulikana kwa mijadala ya ujamaa na ubepari. Rais mstaafu Jakaya Kikwete alihitimu uchumi hapo mwaka 1975. Baadaye upepo ulibadilika. Mwaka 1988 ilianzishwa Nairobi taasisi ya utafiti wa uchumi barani Afrika, AERC, na mwaka 1993 ikaanzisha shahada ya uzamili ya pamoja kati ya vyuo vya nchi mbalimbali, Dar es Salaam kikiwemo, ambayo nguzo zake ni maikro, makro na mbinu za hesabu. Profesa Benno Ndulu, aliyefundisha Dar es Salaam, aliongoza taasisi hiyo kabla ya kuwa gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018. Chuo kinachotaka wahitimu wake wapokelewe katika uzamili wa aina hiyo hakiwezi kulegeza hesabu za shahada ya kwanza.

Na waajiri wana lao. Benki, mamlaka ya mapato, ofisi ya takwimu na idara ya mipango ya halmashauri wanamtaka mtu anayeweza kukaa na jedwali la namba elfu kumi akatoka na jibu. Afisa mipango anayepanga wapi pachimbwe bwawa kwa kukisia anaweza kulichimba pasipo na mifugo. Kwa maoni yangu kozi zenyewe zibaki, ila mifano yake itoke minadani na mashambani kwetu badala ya viwanda vya pini na maduka ya New York.

Uamuzi unafanyika kidato cha nne

Anayetaka uchumi ana njia kadhaa kidato cha tano. EGM ni uchumi, jiografia na hisabati ya juu. HGE ni historia, jiografia na uchumi. ECA ni uchumi, biashara na uhasibu. Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa sana, lakini hizi tatu bado ndizo zinazojulikana zaidi.

Aliyetoka EGM huingia chuoni akiwa ameshaona kalkulasi kwa miaka miwili. Aliyetoka HGE au ECA kwa kawaida amesoma hisabati ya nyongeza, ile inayoitwa BAM, na wanafunzi wengi huichukulia kama mzigo wa pembeni usiohesabika kwenye pointi kuu. Hilo ni kosa ambalo hulipwa mwaka wa kwanza. Ndani ya BAM mna milinganyo, kalkulasi ya mwanzo, takwimu na matriki, yaani karibu kila kitu ambacho hisabati ya wachumi itaanza nacho. Mwenye HGE aliyeishika BAM barabara hana sababu ya kumwogopa mwenye EGM.

Vyuo huweka sharti la hisabati kwa anayeomba uchumi, na masharti hutofautiana na hubadilika. Yako katika mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU kila mwaka, nao hupatikana bure mtandaoni. Usome kabla ya kulipa ada ya maombi. Usidanganywe pia na majina: uchumi kilimo pale Sokoine, Morogoro, au mipango ya maendeleo vijijini pale Dodoma, ni shahada nzuri na ziko karibu na maisha yetu, lakini nazo zina takwimu na uchumi wa hesabu.

Mtihani wa kidato cha sita humalizika Mei, na vyuo hufunguliwa karibu Oktoba au Novemba. Ni miezi mitano. Vijana wengi huitumia kuchunga, kulima au kutafuta kibarua, na familia inawahitaji. Saa moja kwa siku ya algebra na kalkulasi, kwa daftari la BAM, vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania au masomo ya bure ya Khan Academy pale bando linaporuhusu, inaweza kuzuia sapu mbili.

Fedha zikoje akianguka

Wanaosomeshwa na Bodi ya Mikopo hupata fedha ya chakula na malazi, bumu kwa lugha ya chuo, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku. Kijana akipata disko, fedha hizo zinakoma, lakini zile alizokwisha kupokea zinabaki kuwa deni. Akija kuajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa hadi liishe, awe na shahada au asiwe nayo. Kwa hiyo disko ni kurudi nyumbani bila cheti na ukiwa unadaiwa.

Ndiyo maana, simu ile ikija, maswali ya maana ni machache. Ni kozi gani, ya lazima au ya hiari? Ni sapu ya kwanza au ya marudio? Ameshaonana na mhadhiri wake au mshauri wa wanafunzi? Na inafanyika lini? Katika vyuo vingi sapu hufanyika kabla ya mwaka mpya wa masomo kufunguliwa, wakati wanafunzi wengine bado wako nyumbani, na bumu la kipindi hicho halitoki. Kijana atahitaji nauli ya kwenda mapema na fedha ya kula kwa wiki mbili tatu, na hizo zikichelewa kwa sababu mnada ulikuwa mbaya, mtihani hautamsubiri.